Shajara ya mradi wa kadi: pembetatu ndugu na safari zake

Juni 6

Likizo imeanza na mradi nimeuanza. Mezani nina manila sita, mkasi, rula, bikari, kipima pembe, karatasi za grafu na bunda la karatasi laini ya kufuatishia. Kusudi ni kutengeneza kadi 24 kwa ajili ya vijana wa kidato cha pili wanaokuja barazani kwangu jioni. Kila kadi itakuwa na pembetatu mbili zilizochorwa kwenye grafu. Anayeishika hatajibu "zinafanana" au "hazifanani" akaishia hapo. Atataja njia: ile ya kwanza aisogeze wapi, aizungushe kiasi gani, aiakisi au asiiakisi, aikuze mara ngapi, hadi itue juu ya ya pili bila kupungua wala kuzidi.

Kilichonisukuma ni jambo ninaloliona kila mwaka. Katika masomo ya kidato cha pili hapa Tanzania, mfanano wa maumbo na migeuzo ya kijometri ni mada za mwaka mmoja, lakini kichwani mwa mwanafunzi zinakaa kama majirani wasioombana chumvi. Kwenye mfanano anaandika kwamba pembe mbili zikilingana na pembe mbili, basi pembetatu zinafanana. Kwenye migeuzo anazungusha na kuakisi maumbo bila kujua anayapeleka wapi. Haoni kwamba hii ya pili ndiyo inayoonyesha kwa nini ile ya kwanza ni kweli. Matokeo yake yako kwenye daftari: anajua pembetatu ABC inafanana na PQR, halafu anagawanya AB kwa QR badala ya PQ, na jibu linapotea. Aliyeiona ABC ikisafiri mpaka ikatua juu ya PQR hakosei hapo, kwa sababu ameiona A ikikanyaga P.

Juni 7

Kutwa nzima nimeshindana na maneno. Darasani vijana hawa wanafundishwa kwa Kiingereza, lakini wakikwama wanaulizana kwa Kiswahili, na mimi nataka kadi ziseme lugha wanayoulizana. Tatizo la kwanza ni neno *kufanana* lenyewe. Mtaani mtoto anafanana na shangazi yake, na nyumba ya jirani inafanana na yetu. Kwenye jometri neno halina ulegevu huo: pembe zote zilingane, na pande zote ziwe katika uwiano mmoja. Nimeamua kadi zitumie *ndugu* kwa pembetatu zenye mfanano, na *pacha* kwa zile zilizo sawa hata kwa ukubwa. Pacha nao ni ndugu, kwa hiyo maneno hayagombani.

Kwa migeuzo nimebaki na vitenzi vinne: sogeza, zungusha, akisi, kuza. Vitatu vya mwanzo havigusi urefu wa upande wowote. Cha nne kinagusa urefu ila pembe kinaziacha kama zilivyo. *Kuza* itatumika hata pale umbo linapopungua, kwa mfano kukuza mara nusu. Nilijaribu kuweka *punguza* kama kitenzi cha tano, nikaona nitawafanya waamini kuna mgeuzo wa tano, na haupo.

Juni 9

Kadi ya kwanza imekamilika, na nimeipenda kiasi kwamba nimeamua pembetatu yake itumike kwenye kadi nyingi nyingine. Kona zake ni A(1, 1), B(4, 1) na C(1, 3). Ina pembe mraba pale A, upande mmoja una urefu wa 3 na mwingine 2. Ndugu yake ni P(2, 4), Q(2, 10), R(-2, 4).

Kwa macho tu hazifanani. Moja imelala, nyingine imesimama. Ila ukipima, PQ ni 6 na PR ni 4, yaani kila upande mara mbili, na pembe iliyo kati yake ni mraba pia. Njia niliyoiandika nyuma ya kadi ni hii: zungusha ABC nyuzi 90 kinyume cha saa, kitovu (0, 0). Kona zinafika (-1, 1), (-1, 4) na (-3, 1). Kisha kuza mara 2 kutoka kitovu hichohicho: (-2, 2), (-2, 8), (-6, 2). Kisha sogeza hatua 4 kulia na 2 juu. Umefika P, Q na R.

Juni 10

Kadi ya mtego. Nimeweka ABC ileile mkabala na pembetatu yenye pembe mraba na pande za 6 na 5. Najua nitawanasa wengi, maana nimeliona kosa hili miaka yote: 3 imekuwa 6, imeongezeka 3, 2 imekuwa 5, imeongezeka 3, basi zimekua sawasawa. Hazikukua sawasawa. Kukuza ni kuzidisha. Ukijumlisha namba ileile kila upande, pembe zinaharibika, na kipima pembe kinaonyesha: pale B pembe ni kama nyuzi 34, kwenye ile ya mtego ni kama nyuzi 40. Hakuna kusogeza, kuzungusha, kuakisi wala kukuza kutakakoziba nyuzi hizo sita. Kadi hii nataka waikute mapema, kabla hawajazoea kwamba kila kadi ina njia.

Juni 12

Nimeshinda asubuhi kwenye banda la fundi seremala wa mtaa wa pili, anayetengeneza kenchi za nyumba ya jirani. Nilikwenda kutafuta mfano wa maisha, nikarudi na zaidi ya mfano.

Kenchi yake ina upana wa mita 6 chini na nguzo ya katikati ya mita 1.5. Nguzo hiyo inaigawa katika pembetatu mbili zenye pembe mraba, kila moja mita 3 kwa 1.5. Katikati ya kila nusu anasimamisha kinguzo kifupi, mita 1.5 kutoka ukingoni. Nikamuuliza anakikata urefu gani. Akasema sentimita 75, bila kupima. Nikamuuliza amejuaje. Akaweka kidole pale ambapo mbao ya paa inakutana na mbao ya chini, akasema kila kitu kinaanzia hapo. Ukiwa nusu ya njia, kimo nacho ni nusu.

Alichokigusa kwa kidole ni kitovu cha kukuza. Pembetatu ndogo na pembetatu kubwa zinashirikiana kona ile, na kubwa ni ndogo iliyokuzwa mara 2 kutoka hapo. Hakuna kuzungusha, hakuna kusogeza. Hii ndiyo kadi nyepesi kuliko zote na nimeifanya namba 1. Ile ya Juni 9 imesogea kuwa namba 5.

Jambo la pili lilikuja bila kuuliza. Alikuwa amekata mbao moja ya mshazari, miisho yote miwili imekatwa kwa mwinamo. Nikauliza, "Fundi, hii ni ya kushoto au ya kulia?" Akajibu, "Mwalimu, mbao haina kushoto mpaka uilaze." Akaibinua, uso uliokuwa juu ukaenda chini, akaiweka upande wa pili wa nguzo. Ikakaa sawia.

Nimeirudia sentensi hiyo njia nzima. Kuakisi si kuzungusha mezani. Unaweza kuizungusha mbao ile siku nzima ikiwa imelala kwenye uso uleule, haitaingia upande wa pili. Lazima uiinue na kuibinua.

Juni 15

Jaribio la kwanza barazani. Wamekuja tisa. Nimewapa kadi nane na karatasi za kufuatishia, nikakaa pembeni.

Kadi ya mtego imewanasa saba kati ya tisa. Wawili walionusurika walikuwa wameanza kwa kufuatisha ABC kwenye karatasi laini na kujaribu kulinganisha kona moja. Kona A ilikaa. Pande mbili zikalala juu ya pande mbili. Lakini upande wa tatu haukwenda sambamba na mwenzake. Wakasema, "Huu umepinda." Sikuwa nimewafundisha hivyo, na ni njia nzuri: pembetatu mbili zikishiriki kona, upande wa tatu wa ndogo ukiwa sambamba na wa kubwa, ni ndugu.

Kilichowashinda wote ni kadi namba 7: ABC pamoja na K(-2, 2), L(-8, 2), M(-2, 6). Karibu wote waliandika "zungusha nyuzi 180, kuza mara 2". Nikawaambia wafuatishe, waweke pini kwenye (0, 0), wazungushe. Pembetatu ikaenda chini ya mhimili wa x, ambako hakuna kitu. Kimya. Kisha binti mmoja akaanza kupitisha kidole kwenye herufi: A, B, C, kidole kikaenda kinyume cha saa. K, L, M, kidole kikaenda na saa. Akasema, "Mwalimu, hii imegeuzwa kama shati." Neno lake limeingia kwenye kadi kama lilivyo. Jibu ni kuakisi kwenye mhimili wa y, halafu kukuza mara 2 kutoka (0, 0).

Sasa tuna kanuni ya kidole. Pitisha kidole kwenye kona kwa mpangilio wa herufi zinazolingana. Vidole vikienda upande mmoja, usiakisi. Vikipishana, akisi mara moja. Baada ya hapo kinachobaki daima ni kuzungusha, kukuza na kusogeza.

Kijana mmoja aliniuliza kama hii ni hesabu ya kweli au ni mchezo wa likizo. Nikamweleza kuhusu Felix Klein, Mjerumani ambaye mwaka 1872, akiwa na miaka 23, alitoa hoja kule Erlangen kwamba jometri ijulikane kwa migeuzo yake: chagua migeuzo unayoiruhusu, halafu uliza ni nini hakibadiliki. Ukiruhusu sogeza, zungusha na akisi, urefu haubadiliki. Ukiongeza kuza, urefu unabadilika lakini pembe na uwiano vinabaki. Anachofanya yeye na karatasi laini ndicho hicho.

Juni 17

Kosa, na ni langu. Nilipeleka kadi tano za kwanza zikatolewe nakala, na nyuma ya kadi namba 5 nilikuwa nimepanga hatua vibaya: zungusha, sogeza, kuza. Aliyeifuata alifika (6, 6), (6, 12) na (2, 6). Ukubwa sahihi, mkao sahihi, mahali si penyewe. Ni hatua 4 kulia na 2 juu kutoka inapotakiwa, yaani ule msogeo umejirudia mara ya pili, kwa kuwa ulikuzwa pamoja na pembetatu.

Nimechapisha upya. Ila nakala zenye kosa nimezihifadhi, maana zinaonyesha jambo ambalo maelezo yangu yalikuwa hayalionyeshi: kuzungusha na kukuza kwa kitovu kimoja unaweza kuvipanga upendavyo, lakini kusogeza ukikuweka kabla ya kukuza kunatoa jibu jingine. Undugu wa pembetatu hauathiriki hata kidogo. Njia ndiyo inayoharibika. Nitazitumia kama kadi ya kusahihisha.

Juni 20

Leo ndiyo siku iliyonipa furaha kubwa kuliko zote za mradi huu, na nitaiandika polepole.

Njia ya kadi namba 5 ina hatua tatu. Nilijua kwamba pembetatu mbili ndugu ambazo hazikuakisiwa, na hazina mkao uleule, zina nukta moja tu kwenye karatasi ambayo ukiizungushia na kuikuzia hapohapo unafika bila kusogeza. Nilijua kwa kusoma. Sikuwahi kuitafuta kwa mkono.

Nikarefusha AB na PQ mpaka zikakutana, kwenye X(2, 1). Nikachora duara linalopita X, A na P. Kwa kuwa pembe pale X ni mraba, AP ni kipenyo, kwa hiyo bikari inakaa katikati ya AP, kwenye (1.5, 2.5). Nikachora duara la pili linalopita X, B na Q, kitovu chake ni (3, 5.5). Maduara mawili yanakatana pale X, na mara ya pili kwenye mhimili wa y. Nukta (0, 2).

Nikaweka karatasi laini juu, nikafuatisha ABC, nikachoma pini kwenye (0, 2) mpaka ikaingia kwenye ubao. Nikazungusha robo ya mzunguko kinyume cha saa. A ikafika (1, 3), B ikafika (1, 6), C ikafika (-1, 3). Nikachukua rula, nikaipitisha kutoka kwenye pini kupitia A mpya: ikagonga P. Kupitia B mpya: ikagonga Q. Kupitia C mpya: ikagonga R. Na kila mara umbali kutoka pini hadi kona ya kubwa ulikuwa maradufu ya umbali hadi kona ya ndogo. Pembetatu ndogo ilikuwa imekaa mbele ya kubwa kama mtu na kivuli chake, taa ikiwa kwenye pini.

Nimemwita mke wangu aje aone. Ameizungusha karatasi mwenyewe mara tatu.

Juni 24

Pembetatu ya pande sentimita 15, 20 na 25, imekatwa kwenye manila. Uso mmoja nimeupaka rangi ya bluu, mwingine nimeuacha mweupe. Kutoka kwenye pembe mraba nimeshusha mstari unaokutana na upande mrefu kwa pembe mraba. Mstari huo una sentimita 12, na unaugawa upande wa 25 katika 9 na 16. Nimekata nakala ya pili kwa mstari huo. Vipande viwili: kimoja 9, 12, 15, kingine 12, 16, 20.

Euclid alilithibitisha hili kwenye kitabu cha sita cha *Elements*, zaidi ya miaka 2200 iliyopita: pembetatu hizo tatu zote ni ndugu. Vijana wanalijua kama kanuni. Nilichotaka ni walione likitembea.

Nikawapa kipande kidogo, bluu juu, nikawaambia wakilaze kwenye kubwa, kona juu ya kona inayolingana nayo. Wakazungusha, wakazungusha. Kona moja inakaa, nyingine inagoma. Ndipo yule binti wa shati akakibinua. Uso mweupe ukawa juu, na kipande kikalala kwenye kona ya kubwa, upande wake wa tatu ukiwa sambamba kabisa. Wakajaribu na kipande cha pili. Nacho kikataka kubinuliwa.

Halafu likaja swali ambalo sikuwa nimelipanga: je, vipande viwili vyenyewe kwa vyenyewe? Wakaviweka pamoja, vyote bluu juu. Vikakubaliana bila kubinua. Bila shaka: kila kimoja kimeakisiwa kutoka kwa mzazi, na kuakisi mara mbili kunarudisha uso wa kwanza. Ukivirudisha mahali vilipokatwa, kidogo kinakwenda kwa kikubwa kwa kuzungushwa nyuzi 90 mwelekeo wa saa kwenye nukta ambapo mstari wa 12 unagusa upande mrefu, na kukuzwa mara 4/3. Tisa inakuwa 12. Kumi na mbili inakuwa 16. Kitovu kiko palepale, hakuna haja ya maduara.

Maeneo nayo: 54 na 96, jumla 150, na 150 ndilo eneo la mzazi. Kwa kuwa vipande vitatu ni ndugu, eneo la kila kimoja linafuata mraba wa upande wake mrefu, yaani 15, 20 na 25. Kwa hiyo mraba wa 15 na mraba wa 20 vikijumlishwa vinatoa mraba wa 25. Pythagoras ametoka kwenye mkasi. Nimewapa manila wakate za kwao wakapeleke nyumbani.

Juni 27

Mabishano makali juu ya kadi namba 14, pembetatu zenye pande mbili sawa. Kundi moja linasema zungusha nyuzi 180, jingine linasema akisi. Wote wametua. Nimechunguza nikaona wote wako sahihi: pembetatu ya aina hiyo ina mstari wa kujiakisi yenyewe, kwa hiyo ukiisahau herufi huwezi kujua kama imebinuliwa. Nimeweka herufi kwenye kadi, sasa ina jibu moja. Nimetengeneza na nakala isiyo na herufi, swali lake: taja njia mbili.

Julai 1

Kadi 21 ziko tayari, zimekatwa na kupakwa gundi. Jioni binti yule amekuja na kadi yake mwenyewe, ameichora kwenye karatasi ya daftari. ABC yetu, na pembetatu ya S(13, 10), T(7, 10), U(13, 6). Nyuma ameandika: "Zungusha nyuzi 180 na kuza mara 2, kitovu (5, 4). Usiamini, chora mistari."

Nimechora. Mstari wa A hadi S, wa B hadi T, wa C hadi U. Yote mitatu inapita (5, 4), na kitovu kimekaa katikati ya pembetatu mbili, moja huku na nyingine kule, zimepinduka kama picha inavyopinduka ukutani mwanga ukipita kwenye tundu la msumari la bati. Nilimuuliza amekipataje. Amesema alianza na pini, akachagua mahali, ndipo akaichora pembetatu ya pili.

Nimeihamishia kwenye manila kwa wino na kuipa namba 22. Zimebaki mbili.